Namna ya Kuandaa Onyesho la Piano la Mpigaji Mmoja, kuanzia Mozart hadi Watunzi wa Zama Zetu

Mpiga piano anayeandaa onyesho lake la kwanza la peke yake mara nyingi huanza kwa kuorodhesha vipande anavyovimudu tayari, huvipanga kwa kufuata miaka ya utunzi, kisha mwishoni hupachika kipande kifupi cha kisasa ili isisemwe kwamba ameisahau karne aliyozaliwa. Hadhira husikiliza saa nzima ya muziki uliokomaa mikononi mwake, halafu dakika nne za muziki ambao yeye mwenyewe bado anauogopa, na hofu hiyo husikika hadi viti vya nyuma. Mwongozo huu unashauri mpango ulio kinyume: kipande kipya kabisa ndicho kichaguliwe kwanza na ndicho kianze kufanyiwa mazoezi, na vile vya zamani vichaguliwe kwa kuangalia jinsi vinavyoliandaa sikio kukipokea.

Desturi ya mtu mmoja kukaa na piano jioni nzima si ya kale kama inavyodhaniwa. Enzi za Mozart mpigaji aligawana jukwaa na waimbaji na okestra, na ni Franz Liszt, mpiga piano na mtunzi wa Hungaria, aliyewazoesha watu, kuanzia Roma mwaka 1839, kumsikiliza yeye peke yake. Tangazo la onyesho lake la London la tarehe 9 Juni 1840 lilitumia neno la Kiingereza *recitals*, lililozoeleka kwa kughani mashairi, na watu wakashangaa mtu atawezaje kughani kwa piano. Naona neno hilo lilichaguliwa vyema, kwa kuwa mpigaji wa peke yake, kama mghani, hana mwenzake wa kumsitiri anapoteleza, na mpangilio wa anayoyasema ni wake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: chagua kipande cha mwisho

Tafuta kazi ya miaka hamsini au sitini iliyopita ambayo unaipenda kweli, si ile ambayo mwalimu au mashindano yameilazimisha. Ipige kidogo kidogo kwa wiki mbili kabla ya kuamua. Ikiwa baada ya wiki hizo bado huwezi kumweleza mtu asiyesoma nota ni nini kinachotokea ndani yake, iache, kwa maana hutaweza kuieleza kwa vidole pia.

Kwa mfano wa mwongozo huu ninatumia *Scenes from Traditional Life*, kazi ya mwaka 1970 ya Akin Euba, mtunzi wa Nigeria aliyezaliwa Lagos mwaka 1935 na kufariki mwaka 2020. Euba alitetea kwa maandishi na kwa utunzi wazo la upigaji wa piano wa Kiafrika, yaani kuichukulia piano kama ndugu wa ngoma na marimba, ala inayogongwa, badala ya kuilazimisha wakati wote iimbe kama sauti ya mtu. Wazo hilo lina msingi katika umbo la ala yenyewe, kwani kila noti ya piano hutokana na nyundo kugonga waya. Msikilizaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala aliyekua akisikia ngoma zikijibizana huutambua muziki huu kabla hajaambiwa unatoka wapi.

Mbele ya Euba ninaweka vipande vitatu kutoka *Musica ricercata* ya György Ligeti, iliyoandikwa Hungaria kati ya mwaka 1951 na 1953. Mkusanyiko huu wa vipande 11 umejengwa kwa sharti moja lililo wazi: kipande cha kwanza hutumia noti A pekee katika oktavu mbalimbali, na D huingia mwishoni kabisa, kila kinachofuata huongeza noti, hadi cha 11 kinapotumia zote 12. Hata msikilizaji mgeni hulifuata jambo hilo bila shida, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu etudi za Ligeti, yaani vipande vya kujaribu ufundi wa vidole, zilizoanza kutoka mwaka 1985. Etudi hizo nazo zina uhusiano na bara letu, kwa sababu mtunzi alikuwa amevutiwa sana na muziki wa Afrika ya Kati uliorekodiwa na kuchambuliwa na mtafiti wa muziki Simha Arom, lakini nyingi zinahitaji mikono ya mtu aliyekwisha kubobea, na sishauri ziwekwe katika onyesho la kwanza.

Suala la haki za watunzi lishughulikiwe mapema. Kwa sheria za Tanzania na Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mozart, Schubert, Chopin na Debussy, aliyefariki mwaka 1918, hawana kikwazo hicho tena, na nota zao za matoleo ya zamani hupatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Ligeti alifariki mwaka 2006, na kwa hiyo kazi zake na za Euba bado zinalindwa. Nota zao hununuliwa, huchukua muda kufika, na onyesho la hadharani huhitaji kibali kutoka chombo kinachosimamia haki za muziki katika nchi yako. Kupiga kutoka nakala ya fotokopi isiyo na ruhusa ni kumnyima haki yake mtu yuleyule ambaye unadai kumuenzi.

Hatua ya pili: panga safari ya sikio

Sasa rudi nyuma ukijaza nafasi. Lengo ni muziki wa dakika 60 hadi 70, mapumziko yakiwa katikati. Zaidi ya hapo masikio huchoka, na muziki mpya, ambao umekaa mwishoni, ndio unaoumia. Programu yangu ya mfano ni hii (K., D. na Op. ni namba za kazi katika orodha za watunzi): Sonata ya Mozart katika F meja, K. 332, yenye dakika zipatazo 18. Impromptu ya Schubert katika G flati meja, D. 899 namba 3, dakika sita hivi. Ballade ya kwanza ya Chopin katika G maina, Op. 23, dakika tisa hadi kumi; mapumziko; *Estampes* za Debussy, dakika kumi na nne au kumi na tano; kipande cha kwanza, cha tatu na cha saba cha *Musica ricercata*; kisha Euba.

Mpangilio wa nusu ya kwanza haukufuata miaka peke yake. F, G flati na G ni ngazi tatu zinazopanda kwa nusu toni, na msikilizaji hata asipojua majina yake huhisi kwamba chumba kinazidi kupata mwanga, kisha kinatiwa giza na ile maina ya Chopin. Hapa kuna tahadhari moja. Impromptu hiyo iliandikwa mwaka 1827, lakini ilipochapishwa mwaka 1857, miaka mingi baada ya kifo cha Schubert, mchapishaji aliihamishia katika G meja ili iwe rahisi kusomeka. Matoleo yenye G meja bado yanazunguka, na ukilichukua moja kati ya hayo bila kutazama, ngazi ya pili ya safari hii inapotea.

Debussy amewekwa mwanzoni mwa nusu ya pili kwa sababu ndiye mlango. Mwaka 1889, katika maonyesho makubwa ya Paris, alisikia okestra ya gamelani kutoka Java, yenye magongo, yaani sahani kubwa za shaba zinazogongwa, na ala nyingine za shaba, na *Pagodes*, kipande cha kwanza cha *Estampes* za mwaka 1903, kimejaa kumbukumbu ya sauti hizo. Hadhira inapotoka kwa Debussy imekwisha kuisikia piano ikiwa kengele na gongo. Ligeti anaivua nguo zote hadi inabaki noti moja, na Euba anaikuta tayari kuwa ngoma. Sijaona njia bora ya kumfikisha huko mtu aliyekuja kwa ajili ya Chopin.

Hatua ya tatu: ifahamu piano ya ukumbi

Wapiga ala nyingine huja na ala zao. Mpiga piano huikuta ya watu, na kwa sababu hiyo ni lazima aende kuiona mapema, mwezi mmoja kabla ikiwezekana. Bonyeza vibonyezo vyote 88 kimoja baada ya kingine, kwanza kwa nguvu, kisha kwa sauti ndogo kabisa unayoweza kuitoa. Kile ambacho hakisikiki kikiguswa polepole kitakusaliti katika Schubert. Rudia noti moja haraka haraka uone kama nyundo inarejea kwa wakati. Kanyaga pedali ya kulia ukiwa umenyamaza na usikilize kama inalia, kwa kuwa mlio usiosikika katika mazungumzo ya kawaida husikika vizuri sana ukumbi unapotulia. Katika *Musica ricercata* kipande cha kwanza, A zote za piano ni uti wa mgongo. Moja ikiwa imelegea, kipande kizima kimekwenda.

Kwa wale wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, adui mkubwa ni unyevu wa hewa. Ubao wa sauti ni wa mbao nyepesi ya msprusi, na mbao hiyo hufura inapovuta unyevu, ikazisukuma nyuzi juu na kuzikaza. Hewa ikikauka, ubao hunywea na nyuzi hushuka. Piano ya kisasa ina nyuzi zipatazo 230, na jumla ya mvutano wake hufikia tani 18 hadi 20, hivyo mabadiliko madogo ya ubao huhamisha sauti ya ala yote, tena bila usawa. Vitambaa vidogo vinavyoongoza vibonyezo navyo hufura na kuvifanya vigande, na nyuzi za chuma hushika kutu.

Niliwahi kuandaa onyesho katika ukumbi wa pwani ambako fundi aliiweka piano sawa asubuhi, milango ikiwa wazi. Saa tisa alasiri viyoyozi vikawashwa, na kufikia saa moja jioni oktavu za juu zilikuwa zimeachana kabisa na zile za kati. Fundi hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, kwa kutomwambia ukumbi utakuwa katika hali gani wakati wa muziki. Tangu siku hiyo ninawaomba wenye ukumbi wawashe viyoyozi na taa za jukwaani angalau saa nne kabla fundi hajafungua mkoba wake, na visizimwe hadi onyesho liishe. Mweleze fundi kiwango unachokitaka, ambacho kwa kawaida ni A ya herzi 440, umpe saa mbili za ukimya, na umwombe abaki hadi mapumziko. Malipo yake yawemo katika bajeti tangu siku ya kwanza. Bora upunguze mapambo ya ukumbi kuliko kupunguza kazi ya fundi.

Ikiwa umechagua kazi inayohitaji mikono au vitu kuingia ndani ya piano, pata ruhusa ya mwenye ala kwa maandishi. *Sonatas and Interludes* za John Cage, za mwaka 1946 hadi 1948, hutaka skrubu, bolti na vipande vya mpira kati ya nyuzi, na kazi ya kuvipanga hula saa kadhaa. Piano iliyotayarishwa hivyo haiwezi kupiga Mozart jioni ileile isipokuwa uwe na piano ya pili, na ni kumbi chache sana za kwetu zilizo na mbili.

Hatua ya nne: miezi sita ya mazoezi

Miezi miwili ya kwanza ni ya Ligeti na Euba, pamoja na sehemu ngumu za Chopin. Sababu yake ni kwamba muziki ambao vidole havijauzoea huhitaji muda wa kusahauliwa na kukumbukwa tena, si muda wa kufanyiwa mazoezi tu. Anza Euba mbali na piano. Piga mapigo ya mkono wa kulia kwa kiganja juu ya meza huku mguu ukishika pigo la msingi, kisha badilisha. Waliowahi kusimama karibu na wapiga ngoma wa pwani wanajua jinsi vumi inavyoshikilia chini huku chapuo ikicheza juu yake bila kuipoteza; mkono wa kushoto uwe vumi. Ukiingia kwenye piano kabla mapigo hayajatulia mwilini, utayahesabu kwa kichwa hadi siku ya onyesho, na kuhesabu huko kutasikika. Metronomu, chombo cha kuhesabu mapigo, itumike kupima, isigeuzwe mwalimu.

Ballade ya Chopin ijifunze kutoka mwisho. Kurasa zake za mwisho, zilizoandikwa *Presto con fuoco*, yaani haraka sana na kwa moto, huja baada ya dakika nane za kutumia nguvu, na mtu aliyezoea kuanza mwanzo kila siku huzifikia akiwa amechoka na hivyo huzizoea akiwa amechoka. Zipige kwanza asubuhi, polepole, mikono ikitenganishwa, kwa wiki nne, kabla hujaziunganisha na yanayotangulia.

Mozart huonekana rahisi hadi ukijirekodi. Piano yake ilikuwa na oktavu tano, vibonyezo 61, sauti iliyozimika upesi, na nyundo nyepesi zilizofunikwa ngozi, kwa hiyo kila tao la nota alilolichora lina maana ya kutamka, kama silabi. Pedali iguswe kidogo sana. Katika Adagio, sehemu ya polepole ya K. 332, utakutana na uamuzi ambao wengi hawajui kwamba ni uamuzi: toleo la kwanza lililochapishwa Vienna mwaka 1784 lina marejeo ya wimbo yaliyopambwa kwa nota nyingi kuliko muswada wa Mozart. Mimi huchagua yaliyopambwa, kwa kuwa yanatuonyesha namna mpigaji wa wakati ule alivyotarajiwa kuurudia wimbo bila kuunakili. Anayechagua muswada naye hana kosa, alimradi awe amechagua.

Kwa Schubert kazi yote imo katika kidole kidogo cha mkono wa kulia, kinachobeba wimbo juu ya mawimbi ya noti za ndani. Piga wimbo peke yake hadi uweze kuuimba, kisha yaingize mawimbi chini yake kwa nusu ya sauti. Kwa Debussy kazi imo mguuni. Noti za chini za *Pagodes* ni magongo, ziachwe zivume, na pedali ibadilishwe nusu nusu bila kuinuliwa yote, ili mvumo usigeuke ukungu.

Kuhusu kupiga bila nota, uamuzi ufanywe miezi mitatu kabla, si wiki ya mwisho. Mpiga piano wa Ujerumani Clara Wieck, ambaye baadaye aliitwa Clara Schumann, alipopiga Beethoven kwa kumbukumbu Berlin mwaka 1837 wapo waliomwona ana majivuno. Leo mambo yamegeuka, na vijana huona haya kuweka karatasi mbele. Haya hiyo haina msingi. Sviatoslav Richter, mmoja wa wapigaji wakubwa wa karne ya 20, alipiga kwa nota katika miaka yake ya mwisho, taa ndogo ikiangaza kurasa. Ushauri wangu ni kwamba nusu ya kwanza ipigwe kwa kumbukumbu na Ligeti na Euba vipigwe kwa nota, pamoja na mgeuza kurasa aliyefanya mazoezi nawe angalau mara tatu na anayejua mahali hasa pa kusimama.

Mwezi wa mwisho piga programu nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, mara mbili kwa wiki, ukiwa umevaa viatu vya siku ya onyesho. Mara moja kati ya hizo awepo mtu anayesikiliza, hata kama ni jirani. Ukikosea, endelea, kusimama na kurekebisha ni tabia, nayo hujengwa nyumbani.

Hatua ya tano: maandishi kwa ajili ya hadhira

Karatasi ya programu iseme jina la kazi, mtunzi, mwaka, na idadi ya sehemu. Idadi hiyo ina maana, kwa kuwa inamjulisha mgeni kwamba sonata ya Mozart ina sehemu tatu na kwamba ukimya wa katikati si mwisho. Makofi yakija baada ya sehemu ya kwanza, inamisha kichwa kwa shukrani na uendelee. Enzi za Mozart watu walipiga makofi hivyo, na hakuna sababu ya kumwaibisha mtu aliyefurahi. Kabla ya Ligeti simama uzungumze kwa dakika mbili, usizidishe, kwa lugha ya waliokuja. Piga A moja, sema kwamba kipande kizima kitaishi kwenye noti hiyo, kisha uwaombe wasubiri ya pili. Nimeona watu wazima wakisogea mbele ya viti vyao kuisubiri ile D.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Asubuhi usipige programu yote. Gusa mianzo na miisho, polepole, kisha uiache. Ukumbini rekebisha kimo cha kiti kabla watu hawajaingia, na kama hakirekebishiki, njoo na ubao mwembamba na kitambaa. Fungua mfuniko kikamilifu, mketishe mtu katika kiti cha nyuma, na umpigie dakika moja ya Mozart na dakika moja ya Euba, kwa kuwa ukumbi unaoipendeza ya kwanza huweza kuichanganya ya pili. Ukumbi ukivuma sana, punguza mwendo kidogo, na pedali uipunguze zaidi. Kula saa tatu kabla, chakula chepesi. Leta taulo dogo, kwa maana jasho la pwani hufika kwenye vibonyezo.

Ukiingia jukwaani, kaa, weka mikono mapajani, na usianze hadi umeisikia kichwani sauti ya pigo la kwanza kwa mwendo wake halisi. Wengi huanza Mozart kwa kasi ya mapigo ya moyo wao. Kati ya Schubert na Chopin usiondoke kwenye kiti, la sivyo ile ngazi ya nusu toni itakatwa na makofi. Acha mikono juu ya vibonyezo, na hadhira itaelewa. Kati ya Ligeti na Euba fanya vivyo hivyo. Wakati wa mapumziko mwonyeshe fundi noti zilizoteleza huku ukinywa maji, na usizungumze na wageni.

Wakitaka nyongeza, iwe moja na iwe fupi. *Für Alina* ya Arvo Pärt, ya mwaka 1976, inafaa sana baada ya Euba, kwani ni kurasa mbili za noti chache, pedali ikiwa chini karibu muda wote, na watu hutoka wakizungumza kwa sauti ndogo. Baada ya hapo funga mfuniko, mlipe fundi na mgeuza kurasa usiku uleule, na uandike katika daftari lako muda halisi ambao kila kipande kilichukua na vibonyezo vilivyosumbua, kwa kuwa piano hiyo utaikuta tena.